Vikorokoro vya antena ya CB kwenye lori: kipi kinasaidia, kipi kinakula hela

Nenda kwenye rafu ya redio za CB, zile ambazo madereva huzungumza wao kwa wao barabarani, katika kituo chochote kikubwa cha malori hapa Marekani. Antena zenyewe ni chache. Pembeni yake vimening'inia vikorokoro tele: springi, viungo vya kuchomoa haraka, visanduku vya kulinganisha, kebo nene, vipira vya kuvisha kwenye ncha, vipande vyeusi vya kubana kwenye waya. Karibu kila pakiti inaahidi jambo lilelile, kwamba utasikika mbali zaidi na utasikia vizuri zaidi. Vingine vinasema kweli. Vingine vinasema kweli kwa lori la mwenzako ila kwa lako havitafanya kitu. Na vipo ambavyo havina lolote.

Nimeamua kuviweka ubavu kwa ubavu kwa sababu nikikaa na madereva wenzangu, Wakenya, Wakongo, Watanzania, Warundi, swali halibadiliki: ninunue nini ili hii redio isikike? Wengi wetu tuliingia kazi hii simu zikiwa zimeshatawala, CB tukaikuta imefungwa juu ya kioo na hakuna aliyekaa nasi kutufundisha. Lakini theluji ikikukuta kwenye I-80 kule Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, chaneli 19 inakwambia kilichoko maili tatu mbele yako dakika hii hii, wakati simu bado inatafuta mtandao. Na yapo maghala ambako mlinzi wa geti bado anaita malori kwa CB. Kwa hiyo ni jambo la kulichukulia kwa uzito, na hela ya dereva haitakiwi kumwagwa ovyo.

Antena inataka nini

CB ya Marekani ina chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405. Chaneli 19, ile ya malori, iko 27.185. Nguvu inayoruhusiwa ni wati 4 kwa AM, namna ya kawaida ya kurusha sauti, na wati 12 kwa SSB, namna nyingine iliyoko kwenye baadhi ya redio. Wati 4 ni kidogo sana, ndogo kuliko taa ya nyuma ya gari, kwa hiyo kinachoamua kama utasikika ni jinsi antena inavyozitumia.

Wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita 11 hivi. Antena ya gari inayofanya kazi yake kamili ni robo ya hapo, kama mita 2.75. Ndiyo maana ule mwanzi wa chuma wa inchi 102 hufungwa na springi ya inchi 6: ukijumlisha unapata inchi 108, sawa na mita 2.74. Sasa ufunge mwanzi huo juu ya saidi mira ya kichwa cha treila. Majimbo mengi yana kikomo cha kimo cha futi 13 na inchi 6, kama mita 4.1, na madaraja ya zamani hayana huruma. Haiwezekani. Ndiyo sababu sote tunatembea na antena za futi 3, 4 au 5, zenye waya uliozungushwa kwenye fimbo ya faiba au kwenye koili.

Kuzungusha waya kunaifanya antena fupi iitikie masafa yanayotakiwa, lakini hakurudishi urefu uliokatwa, na hapo ndipo hasara ilipojificha. Mwanzi kamili wa robo wimbi una kama omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 36 za kazi halisi, yaani ile sehemu ya umeme inayogeuka kuwa mawimbi hewani. Antena ya futi 4 inabaki na omu chache tu. Tuseme ni 6. Kama koili na ethi mbovu, yaani muunganiko mbovu wa antena na chuma cha gari, vinakula omu 12, basi katika kila wati 3 zinazofika kwenye antena, moja tu ndiyo inaruka. Mbili zinapasha joto waya na vyuma. Ukiweza kupunguza zile omu 12 ziwe 6, umetoka theluthi ukafika nusu, bila kugusa redio na bila kununua antena mpya.

Kwa hiyo antena inataka urefu, inataka nafasi wazi juu ya paa, na inataka chuma kingi chini yake kilichounganishwa vizuri. Kifaa kikigusa mojawapo ya hayo, kisikilize. Kisipogusa hata kimoja, kiulize kwa ukali kinafanya nini. Na jambo hili linakwenda pande zote mbili: antena inayorusha vibaya hunasa vibaya pia.

Ya mwisho kabla hatujaingia dukani: tofauti za nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli. Nguvu ikiongezeka maradufu ni desibeli 3, na sikio kwenye kelele za barabarani huitambua kwa shida. Alama moja ya S kwenye mita ya redio, ile inayoonyesha ukubwa wa mawimbi unayopokea, ni desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Mtu akikuuzia kitu cha kuokoa sehemu ya kumi ya desibeli, huyo anauza kitu ambacho hutakisikia maishani.

Mita ya SWR na kisanduku cha kulinganisha

Hivi viwili huwekwa pamoja rafuni, na watu hudhani vinafanya kazi moja. Havifanani hata kidogo.

Mita ya SWR inakuonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinakwenda kwenye antena na kiasi gani kinarudi. SWR ni namba ya ulinganisho huo, na 1 maana yake hakuna kinachorudi. Ikisoma 1.5, asilimia 4 inarudi. Ikisoma 2, ni asilimia 11. Ikifika 3, robo nzima inarudi, na hapo redio yenyewe inaanza kuwa hatarini. Mita haiongezi chochote kwa kuwepo tu, ila ndicho kifaa pekee kinachokuambia ukweli kuhusu vingine vyote. Mimi naiweka namba moja kwenye orodha ya manunuzi, hata kabla ya antena mpya.

Namna ya kuitumia ni hivi. Ondoka kwenye maegesho yaliyobanana, tafuta uwanja wazi, usiwe chini ya paa la kituo cha mafuta wala kando ya treila nyingine. Funga milango. Pima chaneli 1, kisha 19, kisha 40. Chaneli 1 ikisoma juu kuliko 40, antena ni fupi, irefushe kwa kuinua ncha. 40 ikisoma juu kuliko 1, antena ni ndefu, ishushe. Sogeza kidogo kidogo, kaza, pima tena. Zote zikisoma juu ya 3, acha kugusa ncha. Tatizo ni ethi, au kebo imekatika, au konekta imegusana ndani.

Kisanduku cha kulinganisha kinakaa kati ya redio na kebo. Unazungusha vitufe viwili mpaka mita iseme 1.1, na dereva anafurahi. Kilichotokea ni kwamba redio sasa inaona mzigo mzuri, lakini kuanzia kwenye kisanduku hadi juu kwenye antena hali ni ileile. Kebo bado inarudisha nguvu, antena bado ni fupi au haina ethi, na kisanduku chenyewe kinakula kidogo. Kinaweza kuilinda redio usiku mmoja ambao antena imevunjika na hujafika mahali pa kununua nyingine. Umbali hakiongezi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazuri. SWR ya chini haimaanishi antena nzuri. Mafundi wa redio wana kitu kinaitwa mzigo bandia, ambacho ni rezista ya omu 50 ndani ya kopo. Ukiifunga badala ya antena, mita itasoma 1.0 kwenye chaneli zote 40, na hutasikika ng'ambo ya yadi. Na ule mwanzi kamili wa robo wimbi, wenye chuma safi chini yake, husoma kama 1.4, kwa sababu omu 36 si 50. Mara nyingine unasafisha ethi, SWR inapanda kutoka 1.2 hadi 1.4, unadhani umeharibu, kumbe umeondoa hasara iliyokuwa ikiipamba mita. Ukishapata chini ya 1.5 kwenye chaneli 19, acha. Kinachobaki kurudi ni kidogo mno.

Waya wa ethi, au antena isiyohitaji ethi?

Huu ndio ulinganisho wenye hela nyingi zaidi ndani yake, na ndio unaopuuzwa kuliko yote.

Chuma cha gari ni nusu ya pili ya antena. Vichwa vingi vya kisasa vina paa na pembe za faiba, milango ya alumini, na saidi mira zilizoshikwa kwa plastiki. Kishikio cha antena kimekazwa vizuri, hakitikisiki, lakini kiumeme kinaelea hewani. Dereva ananunua antena ya bei kubwa, anaifunga hapo hapo, na inasikika vibaya kama ile ya zamani.

Chukua multimeta, kile kipima umeme cha mkononi. Weka upande mmoja kwenye kishikio cha antena na mwingine kwenye chuma tupu cha chesesi. Unataka isome chini ya omu moja, sifuri na pointi kadhaa. Ikisoma omu nyingi, au isiposoma kabisa, umeshapata ugonjwa. Fungua bolti ya kishikio na uangalie kwa makini: mara nyingi kuna rangi ya kiwandani katikati ya kishikio na bomba la saidi mira, imeng'aa kama siku ilipotoka, au kuna unga mweupe wa alumini iliyooza kwa chumvi ya theluji. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno ili iume, kaza, pakaa grisi kuzuia kutu. Halafu vuta mkanda wa shaba uliosukwa, ule mpana bapa, kutoka kwenye kishikio hadi kwenye chesesi kwa njia fupi iwezekanavyo. Mkanda mpana ni bora kuliko waya mwembamba wa mviringo, maana umeme wa masafa ya redio hutembea juu ya ngozi ya chuma. Bawaba za mlango zisihesabiwe kama ethi. Ruka bawaba kwa mkanda.

Kazi hii ni ya bei ndogo na hakuna pakiti yenye picha ya radi inayoitangaza. Lakini ndiyo inayoweza kukupa zile omu nilizozitaja, na kelele nazo hupungua.

Upande wa pili kuna seti zisizohitaji ethi, zinazouzwa kwa magari ya faiba, mabasi ya kulala ya familia na boti. Zinafanya kazi kweli, ila siri yake iko kwenye kebo: kebo inayokuja na seti, mara nyingi futi 17 au 18, ni sehemu ya antena. Ukiikata kwa sababu ni ndefu, au ukichanganya kebo ya seti hii na antena ya kawaida, umeharibu vyote viwili. Na kwa kuwa kebo nayo inarusha, haipendi kukunjwa bunda dogo nyuma ya kiti. Ndani ya lori ambalo chesesi yake ni futi chache tu chini ya kishikio, naona seti hii ni kukimbia kazi ya nusu saa. Kwa gari ambalo kweli halina chuma, ndiyo jibu.

Kuinua antena, au kuivalisha kitu kichwani

Umeme mwingi wa antena uko chini, karibu na koili, si kwenye ncha. Kama theluthi ya chini ya antena yako imejificha nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala cha lori, umeficha sehemu inayofanya kazi kubwa. Hapo kuna kifaa ambacho nakitetea bila kusita: shafti ya kuinua, kipande cha chuma cha inchi 5, 10 au zaidi kinachokaa chini ya koili. Antena za malori zenye koili, kama za Wilson, zina shafti za urefu tofauti kwa sababu hii hasa. Shafti inaongeza urefu na inaiweka koili juu ya paa, vitu viwili kati ya vile vitatu. Lazima upime SWR upya baada ya kuifunga, na lazima ujue kimo chako kipya kabla hujakutana na daraja.

Vitu vya kuvisha kwenye ncha ni hadithi nyingine. Kipira kidogo cha plastiki au chuma hupunguza cheche ndogo za umeme tuli zinazotoka kwenye ncha kali wakati wa vumbi kavu au theluji inayopeperuka. Kwa hiyo kinaweza kupunguza mikwaruzo kwenye hali ya hewa ya namna hiyo. Umbali hakina. Zile nyota za chuma zenye miguu kadhaa, zikiwa kubwa vya kutosha na zimefungwa juu kabisa, husaidia antena fupi kwa sababu zinavuta umeme upande hadi juu. Lakini zile ndogo za mapambo hazifiki huko, na kubwa ya kufaa itavunjwa na tawi la kwanza utakalopita.

Antena mbili

Lori lenye antena mbili linapendeza, na madereva wengi wanaamini mbili ni mara mbili. Nguvu ni ileile wati 4, imegawanywa. Zikiachana kwa robo wimbi, karibu upana wa kutoka saidi mira moja hadi nyingine, mbele na nyuma unapata nyongeza ya kama desibeli moja, na pembeni unapungukiwa kidogo. Barabarani, mbele na nyuma ndiko unakotaka kusikika, hivyo si mpango mbaya. Faida yake kubwa zaidi ni nyingine: treila ndefu ya chuma haikufichi upande mmoja kama inavyofanya kwa antena moja iliyofungwa kushoto.

Ila seti ya antena mbili ina masharti. Kebo zake ni za omu 75, na kila moja ina futi 18 kwa sababu maalumu: ndani ya kebo ile wimbi hutembea kwa asilimia 66 ya kasi yake ya hewani, na futi 18 zinakuwa robo tatu kamili ya wimbi. Urefu huo unazigeuza antena mbili ziwe mzigo wa karibu omu 50 zikiungana kwenye redio. Fundi akikata upande mmoja kwa futi 3 ili waya ukae safi, hesabu yote imekufa. Antena zote mbili lazima zifanane, ziwe na ethi inayofanana, na zirekebishwe kwa pamoja, hatua kwa hatua. Moja ikivunjika, nyingine haibebi kazi. Mfumo mzima unaumwa.

Ushauri wangu: antena moja ya futi 5 yenye ethi safi, iliyo juu ya paa, inaishinda jozi ya futi 3 iliyofungwa kwenye mabomba yenye rangi. Kama kiwanda kimeshakuwekea kebo za jozi ndani ya nguzo za kichwa, zitumie, lakini pima kishikio kila upande kwa multimeta kwanza. Na kama lori lako lina kile kisanduku cha kugawa kinachofanya antena hizo hizo zitumike kwa redio ya muziki na CB pia, jaribu kukiruka. Kinapoteza kidogo kikiwa kizima, na kikiharibika hakitoi taarifa.

Kebo nene na vipande vya feraiti

Kebo nene inauzwa kwa maneno matamu. Kwenye mnara wa mita 30, inastahili. Kwenye lori, kebo ya kawaida ya RG-58 yenye futi 18 inapoteza chini ya nusu desibeli kwenye megahezi 27. Ukiweka RG-8X, iliyo nene zaidi, unaokoa sehemu ya kumi au mbili za desibeli. Badilisha kebo kama imepigwa na mlango, imepinda kwa kona kali, au maji yameingia kwenye konekta na shaba imegeuka kijani. Kebo nzima ya kawaida yenye konekta iliyochomelewa vizuri inatosha. Cheki konekta kabla ya kebo. Hapo ndipo kunapooza.

Vile vipande vyeusi vya feraiti ninavipenda, lakini si kwa sababu iliyoandikwa kwenye pakiti. Haviongezi nguvu ya antena. Vinazuia umeme wa kelele kutembea juu ya ngozi ya kebo na kuingia kwenye redio. Kichwa cha lori siku hizi kina chaja za simu, kamera ya dashibodi, inveta ya jiko dogo, taa za LED, na kila kimoja kinapiga kelele kwenye masafa ya CB. Fanya jaribio hili: washa redio, zima injini, chomoa kila kitu kimoja baada ya kingine huku ukiangalia mita ya S. Kitu kikichomolewa na kelele zikishuka alama tatu, umempata mhalifu. Bana feraiti kwenye waya wake, zungusha waya mara kadhaa ndani yake kama nafasi inaruhusu, au nunua chaja bora. Kushusha kelele kwa alama tatu ni desibeli 18 za kusikia, na hakuna antena ya kwenye rafu itakayokupa hizo. Feraiti za aina ya 31 ndizo zinazofaa masafa haya. Zile zisizotajwa aina ni bahati nasibu.

Springi na kiungo cha kuchomoa

Hivi ni vya kulinda antena, na vinafanya hivyo vizuri. Matawi ya barabara za mashambani na milango ya maghala huvunja fimbo zisizo na springi. Usitarajie umbali. Jua tu kwamba vyote vinaongeza urefu na vinadai SWR ipimwe upya, na kwamba springi nzuri ina mkanda wa shaba ndani unaounganisha juu na chini. Isiyo nao hukatakata mawasiliano kila lori likiruka shimo, na utaanza kuilaumu redio. Springi laini mno nayo inalaza antena nyuma ukiwa kwenye maili 65 kwa saa, na SWR inacheza.

Amplifaya, na kikuza cha kupokea

Amplifaya ni kifaa cha kuongeza nguvu ya kurusha, na ya wati 100 inakupandisha desibeli 14, alama mbili na kidogo kwenye mita ya mwenzako. Kweli atakusikia. Lakini hutamsikia yeye vizuri zaidi, kwa hiyo utakuwa mtu anayepiga kelele bila kujibu. Tena sheria za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, haziruhusu kabisa amplifaya ya nje kwenye CB, na faini zipo. Kwa dereva ambaye leseni na karatasi zake ndiyo maisha yake hapa, sioni kwa nini uongeze sababu ya kusimamishwa. Ukiifunga kwenye antena yenye ethi mbovu, pia inaingiza mawimbi kwenye vifaa vya lori lenyewe.

Kikuza cha kupokea, kinachokuza mawimbi yanayoingia kwenye redio, ni halali lakini hakina kazi. Kwenye megahezi 27 kelele za hewani tayari ziko juu kuliko kelele za ndani ya redio. Ukikuza, unakuza vyote, mtu na kelele zake. Spika ya nje nzuri iliyoelekezwa sikioni inasaidia kuliko hicho.

Kwa nini kila kifaa kina shahidi wake

Utasikia mtu akiapa: nilifunga kitu hiki asubuhi, mchana nikasikia watu wa majimbo ya mbali kabisa nikiwa Ohio. Simbishii kwamba alisikia. Masafa ya CB, jua likiwa na madoa mengi, huruka hadi kwenye tabaka la juu la anga na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali. Mzunguko wa jua huchukua miaka 11 hivi, na miaka ya karibu na 2024 ilikuwa kilele. Siku kama hizo hata antena ya futi 2 inasikia majimbo ya mbali, na kesho yake inanyamaza. Marekani ilikuwa na kanuni ya kukataza mazungumzo ya zaidi ya maili 155 kwa CB mpaka ilipoondolewa mwaka 2017; hali hiyo inajulikana tangu zamani na haina uhusiano na kipira cha kwenye ncha.

Ukitaka kujaribu kifaa kwa haki, mwombe mwenzako aegeshe maili kadhaa mbali, mahali mnapopokeana kwa shida. Aseme mita yake inasoma ngapi. Funga kifaa, jaribu tena ndani ya dakika kumi, kisha kiondoe na ujaribu mara ya tatu. Kama namba ya tatu haikurudi pale pa kwanza, hali ya hewa imebadilika na jaribio limeharibika. Kama ilirudi, na katikati kulikuwa na tofauti ya alama moja, nunua.

Uchague nini kwa gari lako

Kama lori ni la kampuni na huruhusiwi kutoboa wala kukwangua, nunua mita ya SWR na feraiti mbili tatu, urekebishe ncha ya antena iliyopo, na uombe karakana yao ipime ethi ya vishikio. Mwambie fundi namba uliyosoma kwenye multimeta. Ukisema tu kwamba redio haisikiki hataelewa aanzie wapi.

Lori likiwa lako, anza na mkanda wa ethi kila upande, kisha shafti ya kuinua, kisha antena ya futi 5 au ya koili kubwa. Jozi ije baadaye, ukiona treila inakufunika.

Ukiendesha pikapu au vani ya kupeleka mizigo, antena ya sumaku katikati ya paa la chuma ni nzuri ajabu kwa bei yake, maana ina chuma pande zote. Jaribu kwanza kwa sumaku ndogo ya friji. Ford F-150 za kuanzia modeli ya 2015 zina bodi ya alumini, sumaku haishiki, na hapo utahitaji kishikio cha kufunga kwenye ukingo wa boneti, chenye skrubu ndogo zinazouma mpaka chini ya rangi. Boneti nayo ipewe mkanda wake hadi kwenye bodi, kwa sababu bawaba zake zimejaa grisi.